Kitenzi Kabla ya Jina: Uhakiki wa Lugha ya Kutambua Hitilafu za Injini ya Dizeli, kwa Kuzingatia Hali ya Mpofi, Kivu Kaskazini

1.0 Utangulizi

Kazi ya kuipatia lugha ya Kiswahili istilahi za sayansi na ufundi imeendelea kwa zaidi ya nusu karne. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, lilianza kutoa orodha zake za Tafsiri Sanifu mwaka 1974. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi hizi zinastahili sifa, kwani bila hizo mwalimu wa sayansi asingekuwa na pa kuanzia.

Hata hivyo, liko swali ambalo orodha za istilahi hazikukusudiwa kulijibu: mtu aliye peke yake mbele ya injini iliyozima, mbali na gereji na mbali na duka la vipuri, anahitaji maneno ya aina gani? Makala hii inajadili swali hilo kwa kuitazama lugha inayotumika kutambua hitilafu za injini ya dizeli nyumbani. Eneo linalozingatiwa ni Mpofi, kijiji kilichoko katika njia inayounganisha Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yake ina pande mbili. Kwanza, majina ya vitu vya injini yametofautiana mno kati ya Kongo na Afrika Mashariki ya pwani, kiasi kwamba maelekezo yaliyoandikwa kwa usahihi upande mmja yanaweza kuleta hatari upande wa pili. Pili, hitilafu haitambuliwi kwa majina ya vipuri bali kwa vitenzi vya dalili, na hapo ndipo uandishi wa kiufundi wa Kiswahili ulipo dhaifu zaidi.

2.0 Injini na mazingira yake

Trekta ni nadra katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale. Injini ya dizeli inayojulikana zaidi huko ni ile ya mashine ya kusaga mihogo, ya jenereta, au ya lori linalopita. Lakini injini ya mashine ya kusaga na ile ya trekta ndogo ya kuongozwa kwa mkono, inayoitwa pawatila nchini Tanzania, ni ndugu wa karibu: mara nyingi zote mbili huwa na silinda moja iliyolala na gurudumu zito la kuwashia kwa hendeli. Anayeweza kuichunguza moja ana msingi wa kuichunguza nyingine, na kanuni zake ndizo zinazotawala hata trekta kubwa.

Kanuni yenyewe ni rahisi kueleza. Rudolf Diesel, aliyepata hataza ya wazo lake mwaka 1893 na kuonyesha injini iliyofanya kazi vizuri huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliondoa haja ya cheche. Pistoni hubana hewa mpaka ikabaki sehemu ndogo sana ya ujazo wake wa awali, kwa kawaida kati ya moja ya kumi na nne na moja ya ishirini na mbili. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto kali, na mafuta yanaponyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini hii inadai mambo matatu: hewa safi ya kutosha, mbano wa kutosha, na mafuta yanayofika kwa wakati wake yakiwa hayana maji wala mapovu. Karibu kila kisa cha injini isiyowaka, ikiwa inazunguka vema, ni upungufu wa moja kati ya hayo matatu.

Umuhimu wa kujua hayo nyumbani ni mkubwa Mpofi kuliko mjini. Mashine ya kusaga inapozima, mihogo hurudi katika kinu cha kutwangia, na mzigo huo huangukia mikono ya akina mama. Kipuri hutafutwa mbali, kwa njia ambayo mvua huiharibu na vita huifunga. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, na mwezi Machi mwaka huohuo mapigano yakafika Walikale penyewe. Katika mazingira ya namna hiyo, neno moja lililokosewa katika ujumbe wa kuagiza kipuri, au katika maelekezo ya fundi aliye mbali, linaweza kugharimu majuma kadhaa.

3.0 Majina: daraja na mtego

Maneno ya injini yaliingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Pwani na katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, mlango ulikuwa Kiingereza. Kongo, ulikuwa Kifaransa cha makampuni ya madini, mashamba ya walowezi na gereji za Wabelgiji. Matokeo yake ni jozi za majina kwa kitu kimoja. Fundi wa Morogoro husema nozeli, stata, ringi na silinda hedi. Fundi wa Goma husema enjekteri, demareri, segma na kulasi. Tofauti za aina hii ni usumbufu, lakini si hatari. Asiyelijua neno husita, akauliza.

Hatari halisi iko katika maneno yanayofanana kwa umbo na kutofautiana kwa maana, kwa sababu msomaji hana sababu ya kusita. Mfano mzito kuliko yote ni petroli. Katika Kiswahili Sanifu, petroli ni mafuta mepesi yanayoendesha magari madogo na pikipiki. Katika Kiswahili cha Kivu, mafuta hayo ni esansi. Petroli, kwa kufuata Kifaransa, ni yale yanayotiwa katika taa ya utambi, ambayo Mtanzania huyaita mafuta ya taa. Dizeli nayo huitwa mazutu, neno lililotoka Kirusi likapitia Kifaransa.

Tuchukue maelekezo ya kawaida kabisa ya kusafisha vipuri. Mwandishi wa Dar es Salaam ataandika kwamba vipuri vioshwe kwa mafuta ya taa na kwamba petroli isitumike kamwe. Sababu yake ni nzuri: mvuke wa petroli hushika moto hata katika joto la kawaida la chumba, ilhali mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapate joto zaidi. Msomaji wa Mpofi akiipokea sentensi hiyo kwa lugha yake, ataona inajipinga: anaambiwa atumie kitu kilekile alichokatazwa. Akitafuta njia ya kutoka katika utata huo, yamkini atachukua esansi, ambayo haikutajwa popote, na ndiyo hasa mwandishi aliyokusudia kuikataza. Hali kadhalika, fundi wa Goma akimwelekeza mtu wa Kigoma kwa simu kwamba aoshe pampu kwa petroli, amemwelekeza vema kwa Kiswahili chake na kumweka katika hatari ya moto kwa Kiswahili cha msikilizaji. Hakuna aliyekosa sarufi. Wote wawili wamesema Kiswahili.

Mfano wa pili ni mafuta. Neno hili katika Kiswahili Sanifu hubeba kinachochomwa, kinacholainisha na kinachokaangiwa, na muktadha huachiwa kazi ya kutofautisha. Mbele ya injini muktadha haufanyi kazi hiyo, kwa kuwa vyote viwili, kinachochomwa na kinacholainisha, vimo ndani ya mashine moja. Agizo la kuangalia mafuta linaweza kumpeleka mtu kwenye tangi badala ya kijiti cha kupimia. Hapa mazoea ya Kongo yana ubora: anayesema mazutu kwa kinachochomwa, na mafuta ya moteri kwa kinacholainisha, hamwachii msikilizaji nafasi ya kukosea. Wanaoyaita maneno hayo uchafu wa Kifaransa wangefanya vema kupima kwanza kazi yanayoifanya.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba Kiswahili cha mashariki nacho kina mitego yake. Kitenzi kunoki kilitokana na neno la Kiingereza linalotaja mlio, yaani kugonga kunakosikika ndani ya silinda. Katika gereji za Tanzania kimehama kutoka mlio kwenda kifo: injini iliyonoki ni injini iliyoharibika kabisa. Neno lililokuwa la onyo limekuwa la msiba, na nafasi ya onyo imebaki wazi. Mwenye mashine anayesikia mgongo mpya katika silinda anahitaji neno la kuusema mapema, kabla haujawa uharibifu. Kitenzi cha asili, kugonga, kinatosha. Kinachokosekana ni waandishi wa kukitumia.

4.0 Vitenzi: mahali hitilafu inapotambulika

Kijitabu cha injini kwa kawaida huanza na picha iliyochanuliwa, kila kipuri kikiwa na namba na jina. Mpangilio huo unamfaa anayeagiza kipuri, kwa sababu yeye amekwisha kujua kilichoharibika. Haumfai anayetafuta kujua. Huyu hana jina mkononi. Ana jambo alilolisikia, alilolinusa au aliloliona, na mambo hayo husemwa kwa vitenzi.

Ugumu huanza na kitenzi cha kwanza kabisa. Mwenye mashine huripoti kwamba haiwaki. Neno hilo limefunika hali mbili zisizo na uhusiano. Kuna injini isiyozunguka: hapo lawama ni ya betri, stata, au kitu kilichokaza ndani. Kuna injini inayozunguka lakini haishiki: hapo ndipo maswali ya hewa, mbano na mafuta yanapoanza. Fundi mzuri huligawanya neno kabla ya kugusa spana. Huuliza, kwa mfano: «Papa, inazunguka lakini haishiki, ao haizunguki hata kidogo?» Swali hilo moja huondoa nusu ya mashaka.

Swali linalofuata huhusu namna ilivyozima, na hapa viambishi vya Kiswahili hufanya kazi kubwa. Imezimwa ina mtendaji, imezimika haina. Imezima ghafla si sawa na imedhoofika kisha ikazima. Injini iliyodhoofika polepole huelekeza mawazo kwenye chujio lililoziba, tangi linaloishia, au kitundu cha kupitishia hewa katika kifuniko cha tangi kilichojaa vumbi. Iliyozima ghafla hudai tahadhari zaidi, na kabla ya kujaribu kuiwasha tena yafaa kuizungusha kwa mkono kuona kama ingali huru. Unyambulishaji wa kurudia nao una maana yake ya kiufundi: injini inayosita imesita mara moja, lakini inayositasita, ikipanda na kushuka bila mzigo kubadilika, mara nyingi ina hewa katika njia ya mafuta. Kiambishi -ki- hutenga sababu: haiwaki ikiwa baridi ni malalamiko yanayoelekea kwenye mbano uliopungua au kifaa cha kupashia joto, inazima ikipata moto ni malalamiko mengine kabisa. Mwanafunzi wa isimu hufundishwa viambishi hivi kwa mifano ya watoto wanaocheza. Mbele ya injini vinaamua ni skrubu gani ifunguliwe.

Hitilafu ya hewa katika mafuta inastahili kuelezwa zaidi, kwa kuwa ni ya kawaida, haihitaji kipuri, na mtu anaweza kuiondoa nyumbani. Hutokea hasa baada ya tangi kukauka au chujio kubadilishwa. Hewa hubanika ilhali mafuta hayabaniki. Kwa hiyo pampu hubana mapovu bila kusukuma kitu. Tangi likishajazwa na bomba likishafunguliwa, skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio hulegezwa, pampu ya mkono hupigwa mpaka mafuta yatoke bila povu, kisha skrubu hukazwa. Hatua hiyohiyo hurudiwa kwenye pampu kuu. Mwisho nati ya bomba linaloingia kwenye nozeli hulegezwa kidogo na injini kuzungushwa mpaka mafuta yaruke kwa vipindi, ndipo nati hukazwa. Maelezo yote hayo yamewezekana kwa vitenzi vya kawaida: kulegeza, kupiga, kutoka, kuruka, kukaza. Majina yaliyohitajika ni machache, na kila moja lingeweza kubadilishwa na la Kikongo bila maelekezo kupotea.

Moshi ni ushahidi mwingine, na hapa lugha inakutana na tatizo lake mwenyewe. Moshi mweusi huonyesha mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, mzigo umezidi, au nozeli hainyunyizi bali inamwaga. Moshi mweupe huonyesha mafuta yasiyoungua. Moshi wa buluu huonyesha mafuta ya kulainisha yanayoungua, yaani ringi au valvu zimechakaa. Lakini Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Buluu ni neno la kuazima, na wengi walioona moshi huo huuita mweupe au wa majivu. Kwa hiyo mwenye mashine anayeripoti moshi mweupe anaweza kuwa anataja tatizo dogo la asubuhi ya baridi au matengenezo makubwa ya kufungua injini nzima. Dawa haiko katika kulazimisha rangi. Iko katika kuongeza vitenzi: moshi wa mafuta yasiyoungua huwasha macho na kunuka mazutu mabichi, wa mafuta ya kulainisha hunuka mafuta yaliyoungua na huendelea injini ikiwa moto, na kama ni mvuke wa maji, hupotea hewani upesi.

5.0 Mipaka ya lugha ya mwili

Mafundi wa pande zote huizungumzia injini kama mgonjwa. Inakohoa, inapumua, inakunywa mafuta kupita kiasi, imechoka, imekufa. Inavutia kuona kwamba upatanisho wa kisarufi haufuati sitiari hiyo: husemwa inakohoa, si anakohoa. Mgonjwa amebaki kitu. Sitiari hii ina faida ya wazi, kwani humpa asiyesoma mitambo njia ya kueleza alichosikia.

Hata hivyo, si kila kitenzi cha mwili ni dalili. Imechoka ni hukumu iliyovaa sura ya dalili. Humaliza mazungumzo yaliyopaswa kuanza, na mara nyingi hutolewa kwa injini ambayo chujio lake la hewa halijafunguliwa. Imekufa nayo hutofautiana kwa mahali: Kongo, kitu kilichokufa ni kitu kilichoharibika, na chaweza kutengenezwa, masikioni mwa Mtanzania neno hilo husikika kama mwisho.

Kitenzi kinaweza pia kuwa cha kweli na bado kikapotosha. Inachemka, likisemwa juu ya lori, ni hatari: kifuniko cha rejeta hakifunguliwi mpaka injini ipoe, kwani maji ya moto huruka na kuunguza. Lakini ziko injini za silinda moja zinazopozwa kwa maji yaliyo katika chombo cha wazi juu yake, na kwa hizo kuchemka ni hali ya kawaida; kinachotakiwa ni kuongeza maji yanapopungua. Dereva wa lori akiihukumu mashine ya kusaga kwa sikio lake la barabarani, atazima injini nzima ya afya.

Zaidi ya hayo, sitiari ya mgonjwa humfanya mtu kuisogelea injini kwa mkono, kama anayepapasa paji la uso. Mafuta yanayovuja kwenye bomba la nozeli yana kani ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kidole, na aliyetobolewa hupelekwa hospitalini hata kama jeraha ni kama la sindano. Vilevile, injini haijaribiwi ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyonukia inayoua. Tahadhari hizi hazina kitenzi cha mwili cha kuzibeba. Lazima zisemwe waziwazi, na mahali pake ni mwanzoni mwa maelekezo, si katika ukurasa wa mwisho.

6.0 Kitabu kinachohitajika

Kutokana na mjadala huu, kijitabu cha Kiswahili cha kutambua hitilafu za injini ya dizeli kingepaswa kuwa na sifa nne. Kwanza, kipangwe kwa dalili, si kwa vipuri. Sura zake ziitwe Haizunguki, Inazunguka lakini Haishiki, Inasitasita, Inatoa Moshi, Inagonga. Pili, kila jina la mafuta litajwe kwa matumizi yake mara ya kwanza linapotokea, likiwa na majina ya pande zote mbili: mafuta ya taa ya utambi, yaitwayo petroli Kongo, mafuta ya pikipiki, yaitwayo esansi Kongo na petroli Tanzania na Kenya. Tatu, kila hatua ianze na jambo lisilohitaji fedha: tangi, bomba, kifuniko, chujio, kufungua injini kuwe hatua ya mwisho. Nne, mafundi washiriki katika kukiandika, kwa maana ndio wenye maswali.

Huenda ikapingwa kwamba kutaja majina ya Kongo ni kurudisha nyuma usanifishaji. Hoja hiyo ina uzito darasani, ambako mwalimu yupo wa kusahihisha. Nyumbani, mbele ya kopo la mafuta na kiberiti, haina uzito. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, na Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Msomaji wa Mpofi si mgeni anayepokea lugha ya wengine. Ni mwenye lugha, na kitabu kinachodai kuwa cha Kiswahili kinamhesabu kuwa miongoni mwa wasomaji wake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba upungufu wa lugha yetu mbele ya injini si uhaba wa majina. Majina yapo, na pengine yamezidi. Upungufu uko katika kuyalinganisha yale yanayogongana, na katika kuviacha vitenzi, ambavyo Kiswahili kimejaliwa navyo kwa wingi na kwa usahihi, vibaki midomoni mwa mafundi bila kuandikwa. Kamusi za ufundi zijazo zingefaa kutenga nafasi ya kusita na kusitasita, kushika na kuwaka, kugonga na kunoki, kama zinavyotenga nafasi ya nozeli na enjekteri. Kazi hiyo haihitaji maabara. Yahitaji mtafiti atakayekaa kando ya mashine ya kusaga siku ilipogoma, akasikiliza kinachoulizwa na kinachojibiwa, na kuandika vyote viwili.